Nili ya Bi Lubaba

Wametuhadithia wema waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasit, huko Iraki, alikuwapo mjane mcha Mungu, Bi Lubaba, aliyetia nguo rangi ya buluu kwa majani ya mnili. Majani huvundikwa mtungini, na maji yake hulishwa tende na pumba kila siku, kama mgonjwa. Nguo huchovywa mara saba, na kila mara huanikwa ipate upepo, ndipo rangi ishike. Riziki yake yote ilikuwa mtungi huo aliourithi kwa mama yake, na mahali pa kusuuzia mferejini kwa idhini ya liwali.

Siku tatu kabla ya Idi, Mundhir, msimamizi wa nyumba ya liwali, akamletea kanzu ishirini, akimhimiza sana. Jamani, haraka haina baraka! Kwa kumwogopa, Bi Lubaba aliikoleza nili akazichovya mara moja tu. Zikatoka za kupendeza, hata majirani wakasema mashallah. Lakini alipozisugua kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikageuka buluu. Moyo ukamwuma.

Mundhir alipozifuata, akamwambia, "Bwana wangu, nimekosa. Rangi hii inachuja. Nipe wiki moja nizirudie."

"Inachuja, nani kaona? Zinang'aa. Nazichukua."

"Chukua, mali ni yenu. Ila mwambie liwali nilivyosema. Sitaki mtu aswali ndani ya hila yangu."

Mundhir akaghadhibika. "Nikamwambie bwana wangu hana nguo ya Idi? Basi kuanzia leo usionekane mferejini!"

Bi Lubaba alilia sana, wala hakukufuru. Kesho yake akaulisha mtungi tende zake za mwisho.

"Walisha nini, shoga, na maji huna?" jirani akamuuliza.

"Mwenye maji ni Mungu," akajibu.

Siku ya Idi jua lilikuwa kali. Liwali akajifuta jasho kwa mkono wa kanzu, akasujudu. Alipoinuka, msala mweupe ulikuwa na alama ya buluu ya paji lake, na safu nzima ya watu wa nyumba yake vivyo hivyo.

"Nani katia rangi hii?" akauliza.

Mundhir angeweza kumtupia lawama yule mjane. Akaitazama mikono yake ya buluu, akaona haya mbele ya Mola wake. "Yeye alisema ukweli, bwana. Mimi niliuficha."

Jioni ile alifika kwa Bi Lubaba na kanzu zote ishirini kichwani pake mwenyewe, shingo na masikio ya buluu. Akamwomba radhi, akamwambia liwali amemrudishia mahali pake mferejini maisha yake yote. Bi Lubaba akamshukuru Mungu. Kisha akayatazama yale masikio, akacheka, Allah amrehemu.

"Karibu, bwana. Tumechovya mara moja, zimebaki sita. Na safari hii hatukimbizani."

Ndugu zangu, tumwombe Mola atujaalie kusema "nimekosa" kabla jasho halijatusemea.