Kivuli Kilichofika Kisimani

Joto hudanganya, kivuli hakidanganyi. Maneno haya mmeyasikia leo kwa shangazi yenu Mwanahawa. Yeye aliyapata kwangu, nami niliyapata mbali sana. Mnauliza yalitoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Niliondoka Tanga na meli ya katani, nikaugua njiani, nikaachwa hospitali huko Marseille, Ufaransa. Nilipopona, meli ilikwisha kwenda zake. Nikatafuta kazi, nikaipata milimani kwa mchungaji mmoja mzee aitwaye Anselme na mkewe Fernande. Watoto hawakujaaliwa. Walikuwa na kondoo themanini na mbwa mmoja.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikavu mno. Majani makavu ya kulisha kondoo wakati wa baridi hayakujaza hata nusu ya ghala. Mwisho wa Septemba tukawateremsha kondoo kutoka malisho ya juu, kama ilivyo desturi. Miti ikageuka manjano, ikaanza kupukutisha majani. Mimi nikavaa sweta mbili, nikaingoja hiyo baridi niliyotishwa nayo.

Haikuja. Katikati ya Oktoba likaja joto, tena joto la kutoa jasho. Nyuki walitoka mizingani wakazunguka wasijue pa kutua. Mtufaha uliokwisha kubaki mifupa ukachanua upande mmoja. Kondoo walisimama langoni wakiutazama mlima na kulia. Mimi nilifurahi. Niliona nchi ile imepata akili hatimaye.

"Kesho tunawarudisha juu," Anselme alisema. "Wakila huko wiki tatu, ghala litatufikisha mwezi wa tatu."

Fernande alikuwa akianua nguo. "Tazama kivuli cha nyumba," alimwambia. "Mwezi wa saba, saa sita mchana, kinaishia ngazini. Leo kimefika kisimani."

"Kondoo hawali kivuli, mke wangu."

Hata hivyo alingoja, kwa kumheshimu. Siku moja, mbili, tano. Joto halikupungua, lililopungua ni ghala. Mwishowe Fernande naye akaanza kujishuku. Nilimkuta kisimani amejishika kiuno.

"Mhina," aliniuliza, "kwenu huwa hivi?"

Nikamwambia kwetu huwa hivi karibu mwaka mzima. Akatikisa kichwa. "Basi sijui. Labda nimezeeka. Wapelekeni."

Tukapanda. Nyasi za juu zilikuwa zimechipua upya, laini, na kondoo walikula kama walioshinda na njaa. Siku ya pili, saa sita, nilivua shati nikasimama juu ya jiwe, jasho likinitiririka. Ndipo nikakiona kivuli changu. Kilikuwa kimelala mbele yangu, kirefu kuliko mimi. Kwetu Muheza, saa sita mtu hukikanyaga kivuli chake. Nikadhani nimepotewa na saa. Nikamwendea Anselme.

"Bwana, saa ngapi sasa?"

"Saa sita na dakika chache."

"Mbona kivuli changu ni cha jioni?"

Alikitazama. Kisha akakasirika. "Umezungumza na mke wangu."

"Habari za kivuli sikuzungumza naye. Mgongo wangu unaniambia ni kiangazi, macho yananiambia jua linatuaga. Sijui nisadiki kipi."

"Sadiki mgongo. Mlima huu nimeuchunga miaka arobaini."

"Sawa, bwana. Lakini wale wenye mimba niruhusu niwateremshe."

Aling'oa unyasi, akautafuna kwa muda mrefu. "Chukua arobaini," alisema. "Ghala likiisha, utajibu wewe."

Nikateremka nao huku nikiona haya. Kesho yake joto likazidi. Majirani walinicheka: mtoto wa nchi ya jua amelikimbia jua! Nikamwambia Fernande nawarudisha kondoo juu. Alinishika mkono akanipeleka uani, akapima kwa nyayo zake. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimekipita kisima kwa nyayo tatu.

"Ya kesho siyajui," alisema. "Hiki nakijua."

Siku iliyofuata, alasiri, upepo uligeuka ghafla. Hatukuwahi hata kufunga madirisha yote. Theluji ikaanza, nzito, ya kuziba macho. Fernande alisimama mlangoni bila shali, akiita jina la mbwa, si la mumewe. Mbwa, alisema, ana masikio mazuri zaidi.

Magharibi mbwa akatokea. Nyuma yake kondoo mmoja mmoja, na nyuma yao Anselme, amebeba mwingine mabegani. Nikahesabu kumi na tisa. Ishirini na mmoja walibaki mlimani.

Fernande hakumwambia "si nilikwambia." Alimvua viatu, akamsugua miguu, akamwekea supu. Hakuinywa.

"Walikuwa wanakula," Anselme alisema. "Mpaka dakika ya mwisho, Fernande, walikuwa wanakula vizuri."

Siku tatu baadaye mawingu yakaondoka, jua likawaka, theluji ya uani ikayeyuka, na hewa ikawa tamu tena. Mimi mwenyewe nilivua sweta, kisha nikaivaa, kisha nikaivua. Sikujua nifanye nini. Jirani mmoja akapita, vifungo vya shati wazi, akaita kutoka barabarani:

"Anselme! Kiangazi kimerudi! Unawatoa lini waliobaki?"

Nilimtazama mzee, nikiogopa atakachojibu. Hakuinua uso kutazama mbingu. Alitazama chini, pale kivuli chake kilipotambaa uwanja mzima hadi kikapanda ukuta wa zizi, na hapo akayatamka, polepole, maneno ambayo kijiji kizima kiliyashika, nami nikayaleta kwetu:

"Joto hudanganya, kivuli hakidanganyi."