Mnazi wa Bwana Haidari Uani kwa Mashavu

Hebu fumbeni macho kidogo, muone ua wa nyuma wa nyumba. Ukuta mrefu, mkeka chini, na mama mmoja kakaa kitako, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama kama zimeona jini. Kanga yake iko pembeni, maana hapa ni uani, mahali pa wanawake. Mara sauti nzito inatoka juu: "Shikamoo, mama." Anainua macho. Mkwezi yuko kileleni mwa mnazi, anatabasamu.

Mnacheka? Yule mama hakucheka. Alijitanda kanga akaondoka na nusu kichwa chake, na hakurudi tena.

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Haidari, mwenye minazi na nyumba asizozijua zote kwa sura. Nyumba mojawapo alimuuzia msusi aitwaye Mashavu, aliyeweka akiba miaka mingi apate pa kumlaza mama yake na pa kusukia wateja wake. Mbele ya mashahidi Bwana Haidari alitamka, "Nimekuuzia nyumba na kiwanja chake." Mashavu akatamka, "Nimekubali." Halua ikaliwa, kahawa ikanywewa, wakaagana vizuri.

Alfajiri ya pili yake wakwezi wakagonga mlango, na kabla hajauliza nani, wamekwisha kufika uani.

"Bwana katutuma," walisema. "Nyumba ni yako. Mnazi hakukuuzia."

Wakapanda. Kesho wakarudi. Mwisho Bwana Haidari mwenyewe akaja na kiti chake, akaketi chini ya mnazi, akawa anakunywa madafu na kupokea wageni humo humo uani. Nani atafunua kichwa chake asukwe, huku wanaume wako chini na wengine juu? Wateja wakakatika mmoja mmoja.

Ndipo Bwana Haidari aliposema kwa sauti ya huruma, "Mashavu, naona nyumba hii inakuchosha. Nirudishie, nitakupa nusu ya ulichonipa."

"Bwana, huruma yako inatisha," Mashavu akajibu. "Twende kwa kadhi, na yeye aione."

Baraza la kadhi lilijaa siku hiyo, maana watu walimjua Mashavu. Mikono yake ilisuka kimya kimya, lakini ulimi wake haukuwahi kupumzika.

Bwana Haidari akaanza. "Sheikh, ada ya pwani yetu unaijua. Ardhi mbali, mti mbali. Mtu huuza shamba akabaki na minazi yake. Mimi nilitaja nyumba na kiwanja. Nisichokitaja, sikukiuza."

Kadhi akakuna ndevu. "Ada hiyo ipo. Mashavu, ulipaswa kuuliza kabla hujasema umekubali."

"Nimekosa, Sheikh. Niliitazama nyumba kila pembe, nikasahau kutazama juu."

Msimcheke sana. Nanyi siku mkipewa ufunguo wa nyumba yenu ya kwanza, sijui kama kuna atakayetazama juu.

"Una neno jingine kabla sijahukumu?" kadhi akauliza.

"Sina ubishi, Sheikh. Nataka tu bwana anijulishe vyake na vyangu, nisije nikagusa cha mtu. Bwana, kisima je? Ulikitaja?"

"Sikukitaja."

"Basi cha nani?"

Bwana Haidari hakuwa amekifikiria kisima. Lakini tamaa ilifikiri kwa niaba yake. "Changu."

"Jiwe la kufulia?"

"Langu."

"Na banda la kuku?"

"Langu. Kuku wako wakilala humo, wahesabu ni wageni wangu."

Watu wakacheka, na Bwana Haidari akacheka nao. Mambo yalikuwa yanamnyookea.

"Na choo, bwana?"

"Mashavu, usinichoshe. Kila nisichokitaja ni changu. Choo pia."

"Na shimo lake?"

"Na shimo lake."

Mashavu akamgeukia kadhi. "Sheikh, umesikia?"

"Nimesikia."

"Alhamdulillahi," Mashavu akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Shimo lile limejaa, Sheikh. Tangu juzi linafurika hadi kwa jirani. Jirani ananiuliza mwenyewe ni nani, nami naona haya kumjibu. Kumbe mwenyewe ni bwana mkubwa huyu. Bwana, utakuja leo au kesho? Ndoo nitakuazima. Ile ni yangu, nilihamia nayo."

Baraza likaangua kicheko. Kadhi akajifunika mdomo kwa ncha ya kilemba chake, kisha akakaza uso. "Haidari, ikiwa shimo ni lako, kulitapisha ni juu yako. Na jirani umlipe usumbufu."

"Mimi, Sheikh? Nitapishe choo cha msusi?"

"Cha msusi?" Mashavu akauliza. "Kimeanza kuwa changu saa ngapi?"

"Ni chako tangu siku ile ya kwanza."

"Lakini hukukitaja, bwana."

"Hakihitaji kutajwa. Hata mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo. Kilichosimama kiwanjani huenda na kiwanja."

"Hayo ndiyo maneno yako?" kadhi akauliza polepole.

"Ndiyo, Sheikh. Na hawa wote ni mashahidi."

Mashavu akasimama, akaweka kanga yake vizuri begani, akainama kwa adabu kama binti anayemuaga mkwewe.

"Ahsante, bwana wangu. Nami nakuomba, kwa heshima zote, ulikumbuke neno lako hilo moja tu kesho alfajiri, wakwezi wako watakapokuuliza mnazi ule umesimama wapi."