Kiboko Aonja Mvinyo Kafungwa Macho

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Mtungi!"
"Una nini ndani?"
"Tuonje tuone!"

Haya, wewe uliyelala hapo nyuma, amka. Leo nawapeleka kwenye Chama cha Waonja Mvinyo Mwekundu. Msiniulize wanyama walipata wapi zabibu. Walikuwa nazo.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Kiboko. Kinywa kama mlango wa ghala, tumbo ndiyo usiseme. Kila msimu wanachama walileta mitungi yao bwawani kwake, naye, bila hata kutoka majini, alifungwa kitambaa machoni, akaonja, akahukumu. Sharti lilikuwa moja: mtungi ukiitwa mbovu haurudi kwa mwenyewe, unamwagwa. Na nani alijitolea kuumwaga? Kiboko. Aliumwagia wapi? Kooni mwake. Gubu, gubu, gubu!

Mtungi wake mwenyewe haukuwahi kuwa mbovu, maana aliamuru uonjwe wa mwisho, eti kwa heshima ya kiti. Basi yote ya kwanza mibovu, wa mwisho asali. Hapo ulimi wa nini?

Sasa Bi Pimbi, yule mnyama wa kwenye mawe asiyemfika Kiboko hata gotini, alikuwa na mtungi mmoja tu, na binti yake alikuwa anaolewa wiki hiyo. Wakwe walishasema hawachezi ngoma na koo kavu. Mtungi ukimwagwa, hakuna harusi. Kuuficha nako hakuwezekani, kwa kuwa asiyeleta mtungi hakuruhusiwa kuteka maji bwawani. Bi Pimbi alikasirika mpaka manyoya yakamsimama.

Lakini zamu ya kumimina ilikuwa yake. Akamfunga Kiboko kitambaa, akakaza, akakaza.

"We Pimbi, unaniua!"

"Haki lazima ibane kidogo, Mheshimiwa."

Akajaza vibuyu. Cha kwanza, kutoka mtungi wa Kiboko. Cha pili, kutoka mtungi wa Kiboko. Cha tatu, ule ule. Ngiri akaona, akajifanya anajikuna. Nungunungu akaona, akatazama angani. Kibuyu cha mwisho Bi Pimbi akakichovya nyuma ya mgongo wa Kiboko, kwenye maji yale yale alimolala tangu asubuhi akifanya kila ambacho kiboko hufanya majini. Akatia maua ya choya kidogo, maji yakawa mekundu.

Kiboko akaonja cha kwanza. Sukutu-sukutu, gubu!

"Lo! Huu wa Ngiri. Unanuka matope. Mbovu!"

Akaonja cha pili. Sukutu-sukutu, gubu!

"Huu wa Nungunungu. Unachoma koo. Mbovu!"

Akaonja cha tatu. Sukutu-sukutu, gubu!

"Na huu wa Pimbi, naujua! Mbovu kabisa! Aliyetengeneza huu asiguse zabibu tena maishani."

"Nitamfikishia, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi.

Akaonja cha mwisho. Sukutu... akatulia. Pua zikatanuka. Chozi likapenya chini ya kitambaa.

"Ah! Huu ndio mvinyo! Mzito, umekaa miaka. Nikiunywa nasikia kama niko nyumbani."

"Uko nyumbani kabisa, Mheshimiwa."

Kitambaa kikafunguliwa. Kiboko akaona mtungi wake umepungua, na mingine yote bado imezibwa.

"Mwenyekiti amehukumu," Bi Pimbi akapaza sauti. "Mtungi huu ni mbovu mara tatu. Wenzangu, leo tusimchoshe mzee. Tumsaidie kuumwaga."

Wakamsaidia. Gubu, gubu, gubu! Ngiri alimwaga mpaka akaanguka.

"Na ule mtamu?" Kiboko akauliza. "Ule uko wapi?"

"Unaukalia, Mheshimiwa. Wote ni wako."

Ndiyo maana hata leo Kiboko hushinda bwawani mchana kutwa, mara kwa mara akipanua kinywa. Anaonja.

Ngano yangu imekwisha, kibuyu kitupu. Wa kuitema aiteme, wa kuimeza shauri yake.

Na fundisho ndilo hili: mtiini mwenyekiti, wala msimchezee mtu aliyefungwa macho. Bi Pimbi alimchezea, na tazameni yaliyompata: mtungi wake ulibaki mzima, binti akaolewa, ngoma ikachezwa, na wakwe mpaka leo hawajaondoka.