Hodi Chini ya Kochi

Kitu kikibingirika hadi mvunguni mwa kitanda, hakimuulizi anayekitafuta cheo chake wala urefu wake. Hukaa hukohuko gizani, pamoja na vumbi na ndala iliyopotea mwaka jana, kikingoja magoti ya mwenyewe. Anayeona magoti yake yana thamani kuliko kitu hicho, na abaki amesimama. Ndivyo ilivyo kwa sindano, ndivyo ilivyo kwa elimu, na ndivyo ilivyokuwa kwa fundi mmoja wa makochi aliyepotelewa na paka wa mama yake.

Fundi huyo alikuwa mrefu hata watu wa mtaani wakamwita Mlingoti. Jina hilo lilimkaa vizuri, naye alilipenda. Katika karakana yake kila kitu kilikuwa juu. Meza ya kazi ilimfika kifuani, nyundo na mikasi vilining'inia karibu na dari, na hata kiti chake kilikuwa na miguu mirefu kama ya korongo. Mlingoti hakupenda kuinama. Alisema mgongo wa fundi ni mali, na mali haitupwi ovyo.

Zamani hakuhitaji kuinama, kwa kuwa alikuwepo mdogo wake. Wawili hao walifundishwa kazi na marehemu baba yao. Mkubwa alitandaza sponji, akavuta kitambaa na kushona vifungo vya mgongo wa kochi, yaani kazi zote za kuonekana. Mdogo, ambaye alikuwa mfupi na mnene kama kinu, alilala chini chali na kufunga tumbo. Tumbo ndilo jina walilolipa lile gunia linalopigiliwa chini ya kochi ili kuficha springi na sufi. Baba yao alikuwa na desturi moja aliyoishika kama sala: kabla ya kufunga tumbo, fundi huchungulia ndani, kisha hugonga mbao mara tatu na kusema, "Hodi." Asipojibiwa, ndipo hupigilia misumari. Wateja waliliona jambo hilo kuwa mzaha. Mdogo mtu hakuliacha hata siku moja.

Kisha ndugu hao walikosana. Mdogo aliomba kibao cha mlangoni kiandikwe majina yao yote mawili. Mlingoti akacheka.

"Watu wananunua wanachokiona," alisema. "Nani anatazama chini ya kochi?"

Mdogo wake alifuta nyundo yake kwa kitambaa, akaitia mfukoni, akaenda kufungua kibanda chake mwisho wa mtaa. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka miwili, na ndugu hao wa tumbo moja walikuwa wakipishana njiani kama watu wasiojuana.

Mama yao alibaki kwa Mlingoti, katika chumba cha nyuma ya karakana. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliiona dunia kama mtu anayetazama kupitia shuka iliyoanikwa kwenye kamba: mwanga upo, vivuli vinapita, lakini sura za watu zimebaki upande wa pili. Rafiki yake mkubwa alikuwa paka wa rangi ya kijivu aitwaye Wingu. Kila usiku Wingu alipanda kifuani pa bibi huyo na kukoroma chinichini, na mkoromo huo ndio uliomletea usingizi tangu alipofiwa na mumewe. Mchana paka alizunguka karakana na kulala popote penye sufi. Kwa kuwa alizaliwa katikati ya nyundo, kelele hazikumshtua. Alilala kama mtoto wa mpiga ngoma.

Jumatatu jioni, Wingu hakurudi chumbani.

Mama alikaa kitandani mkono wake mmoja ukiwa kifuani, mahali penye joto lililokosekana. Usiku huo hakulala. Asubuhi aliletewa chai na mkate, akavisogeza kando kwa upole kama mtu anayemwambia mgeni asubiri.

"Utakula lini, mama?" Mlingoti aliuliza.

"Nitakula Wingu akirudi. Kifua changu ni kizito, mwanangu. Kama nimewekewa jiwe." Midomo yake ikacheza kwa dua. "Nimemwomba Mungu. Yeye aliyemtoa nabii tumboni mwa samaki hatashindwa na paka. Lakini wewe nenda kwa mdogo wako ukamuulize. Yule ndiye aliyemlea Wingu kwa utambi wa taa uliochovywa kwenye maziwa. Anajua vichochoro vyake vyote."

"Nitamtafuta mwenyewe."

"Kila siku nakusikia ukiswali, unainama mpaka paji la uso linafika chini. Mgongo unaomwinamia Mungu unashindwaje kumwinamia mdogo wako?"

Mlingoti alikohoa, akatoka.

Alimtafuta Wingu kwa namna yake. Alisimama katikati ya mtaa na kuita. Alitazama juu ya mapaa, juu ya kuta, juu ya miti. Kisha aliandika kwa kalamu nene, "Paka wa kijivu amepotea," akaibandika karatasi mlangoni, mahali palipolingana na macho yake mwenyewe. Wapita njia waliona tu kwamba kuna karatasi, na aliyetaka kuisoma ilimbidi asimame kwa ncha za vidole.

Alikuwa bado na gundi mkononi Jumatano asubuhi alipofika mkunga wa mtaa, mteja aliyechukua kochi jipya Jumatatu hiyohiyo.

"Fundi, kochi lako linalia," alisema mkunga.

"Linaliaje?"

"Kama kichanga. Usiku kucha. Mimi vichanga nimevizoea, mwenzangu, lakini vya kochi ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Springi mpya hulia, mama. Kochi ni kama kiatu. Litazoea."

"Na tumbo lake limebonyea. Njoo basi ulitazame."

Mlingoti alitengeneza pembe ya karatasi yake ikakaa sawa. "Kazi yangu naijua. Mimi nina shughuli hapa, nimepotelewa na paka."

"Haya," mkunga alisema akijifunga kitambaa chake kichwani. "Nitampata wa kulitazama."

Siku hiyo mama hakula tena. Alilala kimya ubavu kwa ubavu na ukuta, na Mlingoti alipomshika mkono aliuona umekuwa mwepesi kama kifungu cha manyoya. Hapo fundi akaogopa kweli. Alirudi karakana na kujitupa juu ya kochi ambalo halijavikwa kitambaa. Jua la alasiri lilipenya dirishani kwa mstari mpana, na ndani ya mstari huo sufi ilikuwa ikielea polepole, ikipanda, ikigeuka, isitue. Aliitazama mpaka kope zikawa nzito.

Akaota. Makochi yote aliyowahi kuyatengeneza yalikuwa yameng'oka sakafuni na kuelea hewani kama mawingu yaliyoshiba mvua. Paa la karakana halikuwapo. Chini ya makochi hayo alitembea baba yake, kalamu ya risasi ikiwa sikioni, akigonga tumbo la kila moja kwa kidole kilichopinda. "Hodi," alisema, akasikiliza, akapita. "Hodi," akapita. Chini ya kochi la kijani akasimama muda mrefu, kichwa kaelekeza juu kama mtu anayesikiliza mvua inayokuja kutoka mbali.

"Mwanangu," baba alisema bila kugeuka, "hili lina mtu. Ulipiga hodi?"

Mlingoti akazinduka, sufi ikiwa imemganda mdomoni. Kochi la mkunga lilikuwa la kijani. Alilifunga tumbo Jumatatu mchana, likiwa limepinduliwa juu ya meza yake ndefu. Hakuchungulia. Hakugonga. Alipigilia misumari huku akiwaharakisha wenye mkokoteni waliokuwa wakingoja nje.

Aliondoka mbio hadi kwa mkunga, akamkuta mlangoni akiwa na mkoba wake wa kazi.

"Kochi? Nimeshalipeleka kwa fundi wa mwisho wa mtaa," mkunga alisema. "Yule mfupi anayechungulia."

Mlingoti akasimama kama aliyepigiliwa msumari. "Mama, hebu nenda ukaliombe wewe. Useme umebadili mawazo."

"Mimi naenda kwa mwenye uchungu, na mtoto hangoji watu wapatane. Nenda mwenyewe, fundi. Miguu mirefu hiyo umepewa ya nini?"

Njia ya kwenda mwisho wa mtaa haikuzidi hatua mia mbili, lakini siku hiyo ilinyooka mbele yake kama njia za ndotoni, ambazo mtu hutembea na mlango haukaribii. Mara mbili aligeuka kurudi. Mara mbili aliukumbuka mkono wa mama yake ulivyokuwa mwepesi, akageuka tena. Moyoni alisema maneno machache tu: Mola wangu, nifikishe kabla sijachelewa.

Mlango wa kibanda ulikuwa mfupi. Ulimfika mabegani. Mlingoti aliutazama, akavuta pumzi, akainama, akaingia.

Mdogo wake alikuwa akinywa chai. Hakusimama wala hakuonyesha kushtuka. Alisema tu, "Karibu, kaka. Angalia boriti hiyo, haina adabu."

"Kochi la mkunga liko wapi?"

"Hilo hapo. Limefika sasa hivi. Nimeona misumari yako nikasema nisiing'oe kabla sijafikiri."

"Wingu yumo ndani."

Kikombe kikatua mezani. "Ulipiga hodi?"

Lilikuwa swali lilelile la ndotoni, na kwa sauti inayofanana sana na ile. Mlingoti angeweza kutaja mkokoteni, haraka, mteja. "Sikupiga," alisema.

"Mama anajua?"

"Mama hali. Siku ya pili hii."

Mdogo mtu alikuwa keshachukua koleo. Mlingoti aliwahi kulishika kochi ili walipindue, lakini akazuiwa.

"Usiligeuze. Springi zitambana. Hapa ni kulala chini na kung'oa msumari mmoja mmoja, kwa mkono. Mimi mkono wangu haufiki upande wa ukutani. Wako unafika." Akasita. "Na mgongo wako?"

"Achana na mgongo wangu."

Basi Mlingoti akapiga magoti, kisha akalala chali juu ya sakafu yenye vumbi, akajisukuma chini ya kochi kama mkate unaoingizwa kwenye tanuri. Kutoka mwisho mwingine wa kochi akaingia mdogo wake. Vichwa vyao vilikaribia kugusana. Gunia lilikuwa limebonyea juu ya nyuso zao. Mlingoti akagonga mbao mara tatu.

"Hodi."

Kimya. Nje mtu alipita akiburuta ndala. Mlingoti aligonga tena. "Hodi, Wingu."

Ndani kabisa ya sufi, sauti ndogo ilijibu, nyembamba kama uzi.

Waling'oa misumari polepole, mmoja kwa koleo na mwingine kwa kucha. Mwanga ulipoanza kupenya, Mlingoti aliona maandishi ya kalamu ya risasi upande wa ndani wa ubao. Fremu ile ilikuwa ya zamani, moja ya zile zilizobaki tangu walipokuwa wakifanya kazi pamoja. Palikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la mdogo wake.

"Umeandika haya lini?"

"Yapo kwenye makochi yote, kaka. Tangu baba anifundishe kufunga tumbo."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ulale chini usome?"

Hapo gunia lilifunguka na uzito mdogo wenye joto ukamwangukia Mlingoti kifuani. Wingu alikuwa amekonda, masharubu yake yamejaa sufi. Alimtazama fundi kwa macho ya mtu aliyeamshwa mapema mno, akazunguka mara moja, akajilaza palepale na kuanza kukoroma. Mkoromo huo ulipita mbavuni mwa Mlingoti ukaingia hadi mahali ambapo kwa miaka miwili hapakuwa na kitu. Hakuthubutu kusogea.

"Nilisema hakuna anayetazama chini ya kochi," alinong'ona.

"Ulisema."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Sufi iliyotoka tumboni mwa kochi ilikuwa ikiwashukia taratibu, ikituama kwenye mashavu na kwenye kope. Mdogo wake aliitazama ikishuka. Kisha akanyoosha kidole akapangusa uso wa kaka yake.

"Nyusi zako zimekuwa nyeupe," alisema. "Umefanana na baba, hata inatisha. Toka huko tumpeleke kwa mama."

Wingu alipewa maji kwanza, kisha wakaenda wote watatu. Mlango wa chumba cha nyuma haukuwa mfupi, lakini Mlingoti aliinama hata hivyo, akamweka paka kifuani pa mama yake. Mikono ya yule bibi ikamtambua kabla hajatamka neno. Ikapapasa masikio, mgongo, mkia, ikashika pia vidole viwili vinene vilivyokuwa karibu, na havikuwa vya Mlingoti.

"Huyu amekuja na sufi ya nani?" aliuliza.

"Ya kwetu, mama," mdogo mtu alijibu.

Mama akafumba macho. Midomo yake ilicheza kwa muda, na wanawe walingoja mpaka akamaliza na Mola wake. Halafu akasema, "Nileteeni ule mkate. Na mmoja wenu aniletee chai ya moto, ya asubuhi imepoa."

Wote wawili wakainuka kwa pamoja.

Juma lililofuata kibao cha karakana kiliandikwa upya kwa majina mawili, na kikatundikwa chini kidogo ili hata mtoto akisome. Mlingoti mwenyewe ndiye aliyekipigilia, akiwa amepiga magoti, kwa kuwa alikwisha kujua kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.