Mitungi Tisa ya Mfalme Mhando

Hapo zamani, katika nchi ya milima ambako ukungu hauondoki mpaka jua la saa nne, palikuwa na mjane mmoja jina lake Mama Mboza, naye alikuwa fundi wa kukeneka jini. Si jini la kupungwa kwa ngoma na ubani, la. Ni jini la kunywa, jeupe kama maji ya chemchemi, ambalo mtu akipiga funda la kwanza husahau baridi, akipiga la pili husahau ugomvi, na akipiga la tatu husahau njia ya kwake. Nyuma ya nyumba yake ulikuwapo mtambo: chungu kikubwa cha shaba chenye kifuniko, na kutoka kifunikoni mrija wa shaba uliojizungusha kama nyoka ndani ya pipa la maji baridi. Humo chunguni alichemsha maji ya miwa yaliyochachuka, pamoja na vijitunda vya mtarakwa, maganda ya limau na hiliki. Mvuke ukapita mrijani, ukapoa, ukatoka upande wa pili tone kwa tone; huko ndiko kukeneka.

Mchanja kuni wake aliitwa Hoza, maskini hohehahe, mwenye nguo moja mwilini na nyingine hana. Watu walimwita zuzu, kwa kuwa neno alilishika vile vile lilivyosemwa. Siku moja Mama Mboza alimwambia, "Mwanangu, hicho chungu usikipe kisogo," naye akaenda kuchukua kuni kinyumenyume, asikiondolee chungu macho, hata akatumbukia katika shimo la makapi. Lakini Mama Mboza alimpenda, maana moto wa Hoza haukuzimika wala haukupanda kiwazimu, na jini jema huzaliwa na moto wenye adabu.

Basi ikawa Mfalme Mhando anataka kumwoza binti yake, akaagiza mitungi kumi ya maji ya miwa yaliyochachuka kutoka mashamba yake ipelekwe kwa Mama Mboza, apate jini la kuwakirimu wageni. Mama Mboza na Hoza wakafanya kazi siku mbili, na siku ya tatu Mama Mboza akapeleka barazani mtungi mmoja wa jini, safi, lenye kunukia msitu.

Penye watu hapakosi fitina. Palikuwa na waziri, jina lake Ngoda, ambaye tangu azaliwe hakupata kupuliza moto hata wa kuchoma hindi. Akauangalia ule mtungi, akainama sikioni mwa mfalme, kisha akasema kwa sauti, "Bwana wangu, ilikwenda mitungi kumi, umerudi mmoja. Hiyo tisa imeingia nyumba ya nani?"

"Ewe mfalme," akajibu Mama Mboza, "ndivyo kazi ilivyo. Katika kumi hutoka mmoja, na yaliyobaki ni makapi. Nimeyamwaga."

"Umemwaga mali ya mfalme!" akamaka waziri. "Msikieni! Mwizi hakosi la kusema."

Mfalme uso ukamwiva. Akasema, "Mama Mboza, kila kilichoingia katika mtambo wako ni changu, na kila kitokacho ni changu. Nakupa siku tatu. Uniletee chote, kisipungue hata tone. Ukishindwa, mtambo wako utavunjwa, shaba yake ifuliwe kengele za mbuzi wangu, nawe utahama nchi hii."

Mama Mboza akarudi kwake, akaketi juu ya gogo, akalia. Mtambo ule aliachiwa na mumewe, na mumewe aliachiwa na mama yake. Hoza alipomwona analia naye akalitupa shoka, kwa kuwa hakuwa na ndugu wala kibanda, na moto ule ndio uliokuwa kwao. Akachutama mbele yake, akasema, "Mama, mfalme alitamka maneno gani hasa? Nataka yale yale, usiongeze la kwako."

"Alisema kila kilichoingia na kila kitokacho ni chake. Alisema nimpelekee chote."

"Alisema chote?"

"Chote, mwanangu. Nami nitayazoa wapi makapi yaliyokwisha kunywewa na ardhi?"

Hoza akajikuna kichwa kitambo, kisha akacheka peke yake. "Basi Mama, futa machozi. Mfalme amesema, na sisi tutatii."

Asubuhi ya siku ya tatu Hoza akaingia barazani na kile kinguo chake, akapiga magoti na kusema, "Uishi miaka mingi, bwana wangu. Kosa ni letu. Tulidhani wataka jini tu, kumbe wataka chote. Utupe mitungi mingine kumi, tukeneke humu humu barazani mbele ya macho yako, pasiwe na wasaa wa kuiba. Ila mimi ni mjinga, nachelea kukosea. Unijulishe mbele ya watu: chote ni chote?"

"Chote ni chote," akasema mfalme.

"Na atakayekitoa kitu nje?"

Waziri akamwahi mfalme. "Huyo ni mwizi! Viboko ishirini!"

"Iwe hivyo," akasema mfalme, na baraza nzima ikasikia.

Basi mtambo ukaletwa, chungu kikatiwa mafiga mbele ya kiti cha enzi, na mitungi kumi ikamiminwa ndani. Hoza akafunga mlango. Akafunga madirisha yote manne, kisha akapita na matambara akiziba kila upenyo.

"Wafanya nini wewe?" akauliza mfalme.

"Natunza mali yako, bwana wangu. Moshi hutoka katika mtambo, na kila kitokacho ni chako."

Akawasha. Siku hiyo alikuwa amechagua kuni mbichi za mtarakwa, na moshi wake ukapanda mzito, ukagonga dari, ukateremka juu ya vilemba. Walinzi wakakohoa. Wazee wa baraza wakatokwa na machozi kama waliofiwa. Waziri Ngoda, macho mekundu kama pilipili, akajikokota hadi dirishani na kunyoosha mkono avute tambara.

"Bwana Waziri!" akaita Hoza. "Huo moshi wa mfalme waupeleka wapi?"

Waziri akakumbuka vile viboko, akaurudisha mkono wake taratibu. Mfalme naye akainuka atoke, Hoza akamwangukia miguuni. "Ee bwana, sina uwezo wa kukuzuia. Lakini kilemba chako kimejaa moshi, na ukivuka mlango nao, sheria yako tutaisemaje?" Mfalme akaketi, akajifunika uso kwa kanzu yake.

Matone yakaanza kudondoka. Hoza akayakinga ya kwanza katika kibuyu, akampelekea mfalme kwa mikono miwili. "Haya huitwa kichwa. Akinywa mtu, macho yake huzimika. Mama Mboza huyamwaga kila siku, lakini kwa kuwa ni yako, siwezi kuyamwaga."

"Yamwage!" akasema mfalme.

"Waziri wako asema kumwaga ni wizi."

"Nimeruhusu mimi! Mwaga, na watu wote mashahidi!"

Hoza akayamwaga. Likafuata jini lenyewe, kwa saa nyingi, mpaka ukajaa mtungi mmoja, na harufu ya limau na hiliki ikapenya katika ule moshi kama habari njema katika matanga. Baraza ikadhani mambo yamekwisha. Lakini Hoza akafungua kifuniko, akaanza kuchota yaliyobaki chunguni: maji ya rangi ya matope, ya moto, yenye uchungu wa kukunja sikio. Akajaza mtungi, akaupanga mbele ya mfalme. Akajaza wa pili, na wa tatu, akihesabu kwa sauti. Alipofika wa nane akakomba sakafu ya chungu, wa tisa ukapungua kidogo tu.

"Bwana wangu," akasema, "mitungi tisa ndiyo hii. Palipopungua ni kile kichwa ulichoamuru kimwagwe. Tuiweke ghalani, au wageni wa harusi wataanza nayo?"

Mfalme akachovya kidole, akalamba, akatema. Hoza akaona ameponza shingo yake na ya Mama Mboza pia. Kisha mabega ya mfalme yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka hata kilemba kikamwanguka.

"Fungueni madirisha!" akapaza sauti. "Nautoa moshi wangu sadaka kwa nchi nzima!"

Watu walipokwisha kuvuta pumzi, mfalme akamgeukia waziri. "Ngoda, uliniuliza mitungi tisa imeingia nyumba ya nani. Kunywa bakuli moja, unijibu." Waziri akanywa, na uso wake ukajikunja hata wazee wakageuka asiwaone wakicheka.

Mfalme akamwita Mama Mboza, akamwomba radhi mbele ya watu, akaamuru asiwepo mtu wa kumgusia mtambo wake vizazi na vizazi. Kisha akamwambia Hoza, "Nawe omba utakacho."

"Naomba nguo, bwana wangu," akasema Hoza. "Hii moja niliyo nayo imelowa moshi wa ikulu, na nikirudi nayo milimani nitasema niliipata wapi harufu ya kifalme?"

Mfalme akamvika joho lake mwenyewe, akampa na shamba la miwa lililopakana na nyumba ya Mama Mboza, ili mchanja kuni asipungukiwe na kitu cha kuchemsha. Harusi ikafanyika siku ya saba, na watu wakanywa wakacheza, na wengi wakaisahau njia ya kwao.

Ama Waziri Ngoda, mfalme alimhukumu ajifunze kukeneka msimu mzima. Alifika asubuhi kukiwa na ukungu, amevaa kilemba chake cha hariri, akatoa salamu. Mama Mboza akaitikia kwa adabu, akamkabidhi shoka, akamwonyesha msitu.