Zimwi Lililong'oa Maboga

Sogeeni jikoni, wanangu, mnisikilize.

Siwatu alipanda maboga kwa mbegu alizopewa na jirani, wanawe wapate kula. Jirani yeyote alipiga hodi, akachuma majani, shina akaliacha lichipue tena.

Zimwi likaja bila hodi, likang'oa shina la kwanza.

"Chuma, using'oe!" Siwatu akafoka.

"Nyamaza, mwanamke!"

Likang'oa la pili. Likang'oa la tatu, likameza maboga yote na mbegu zake. Watoto wakalala njaa.

Kulipokucha, mbegu zilichipua masikioni mwa zimwi, mashina yakatambaa, yakalifunga miguu.

"Ning'olee, mama! Nakufa!"

"Wanangu walipolia, ulisikia?" Siwatu akachuma majani, akajaza ungo. "Kwetu hatung'oi. Tunachuma, shina tunaliacha. Kesho narudi."

Hadithi imeiva, pakueni.