Fundi Aliyekosa wa Kumsemea

"Mdhamini huuliza ukuta, haulizi mdomo." Mmeisikia hapo barazani, mmecheka, na sasa mnataka kujua nani aliitoa. Haya, sogeeni, na wa nyuma wapate nafasi. Methali hii ilianza hivi.

Mjini Kwemdimu palikuwa na fundi mwashi aitwaye Shemhilu. Mkono alikuwa nao, ila ulimi wake ulikuwa pilipili kichaa. Kutwa kugombana na wenye nyumba, na mji mzima ulijua nani katukanwa lini, na siku hiyo alivaa nini.

Mwaka huo halmashauri ikatangaza: hakuna kujenga tena bila leseni ya ukandarasi. Na leseni haitoki mpaka fundi alete mdhamini, aweke hati ya nyumba yake. Fundi akiharibu kazi au akiitoroka, anayelipa ni mdhamini. Mwisho Ijumaa. Atakayekosa, abaki kibarua wa wenzake mpaka azeeke.

Shemhilu alizunguka siku tatu. Kila alikobisha hodi, mwenye mlango alikwisha kutukanwa. Alhamisi asubuhi akabakiwa na mlango mmoja, wa Bi Nakijwa, mjane mwenye nyumba ya wageni. Huyo Shemhilu hakuwahi kumjengea, kwa hiyo hakuwahi kumtukana.

"Mimi sina shamba wala ng'ombe," Bi Nakijwa akamwambia. "Nina hii nyumba tu. Nani atakusemea?"

Shemhilu akafikiri, akatazama chini. "Hakuna, mama."

"Basi nipeleke kwenye kazi zako."

"Popote unapotaka. Ila kwa Mzee Sengoda tusiende."

"Ahaa," Bi Nakijwa akasema, akijitanda khanga yake. "Ndiko tunakokwenda."

Njiani jasho lilimtoka Shemhilu kama aliyebeba zege. Walipofika, Mzee Sengoda hata salamu hakungoja.

"Umemleta huyo kwangu? Bibi, huyu hana adabu! Nilimwambia aongeze mchanga, mfuko wa simenti utoshe. Akanijibu, mbele ya wakwe zangu, nikajengewe na mpika maandazi!"

Majirani wakaanza kujisogeza. Bi Nakijwa akauliza, "Alijenga wapi?"

"Huo ukuta wa bafu. Mvua za masika saba zimeupiga. Lakini adabu, bibi, adabu!"

Bi Nakijwa akachomoa ufunguo wa nyumba yake kwenye pindo la khanga, akaukwangua ukuta kwa nguvu zote. Haikudondoka hata punje. Akahamia ukuta wa jikoni.

"Na huu?"

Mzee Sengoda uso ukamnawiri. "Huo kajenga Kanju, juzi tu. Kijana mtu wa watu! Anakuamkia mpaka unaona haya. Mchanga nilimwambia aongeze, akasema, 'Ndiyo, mzee wangu.'"

Ufunguo ukapita mara moja tu. Mchanga ukamwagika mpaka juu ya viatu vya Mzee Sengoda, na jirani mmoja akageuka kando ili achekee huko.

"Twende halmashauri," Bi Nakijwa akamwambia Shemhilu.

Fundi akafumbua kinywa.

"Kifunge, baba," akamkatiza. "Usije ukaharibu."

Mzee Sengoda akawafuata hadi njiani. "Mbona mnaondoka? Sijamaliza kumsema!"

Kabla ya adhuhuri hati ilikuwa imewekwa, na Ijumaa Shemhilu akatoka na leseni yake mkononi. Ndiye aliyejenga soko jipya.

Ila methali hakuitoa yeye, wala Bi Nakijwa. Aliyeisambaza ni Mzee Sengoda mwenyewe, akilalamika katika kila baraza ya mji: "Jamani, nimemsema yule fundi mpaka koo limekauka, na bibi yule hakunisikiliza! Kumbe mdhamini huuliza ukuta, haulizi mdomo!"